Uzi: Manesi ni walewale, mshahara ni uleule. Mbona kazi ilibadilika?

Zamu_ya_Usiku aliandika:

Wadau hamjambo. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti ndogo, ukanda huu wetu wa ziwa. Jina la hospitali silitaji, na ukiitambua tafadhali kaa nalo.

Wiki jana nilikuwa kwa matatu ya kwenda Kisumu. Nyuma yangu akina mama wawili wanapiga stori. Mmoja alikuwa amemsindikiza mkaza mwanawe kujifungua kwetu, anamwambia mwenzake: "Siku hizi pale ni pazuri. Wale manesi wabaya waliondolewa wote, wakaletwa wengine." Mwenzake akaitikia, "Ndiyo maana."

Niligeukia dirisha nikacheka. Hakuna aliyeondolewa. Ni sisi. Mimi mwenyewe nilimpokea huyo mkaza mwana, na miaka mitatu nyuma huenda ni mimi niliyemfokea jirani yake.

Aliyeondoka ni mtu mmoja tu, msimamizi wetu wa wodi ya kujifungulia. Acha niwaeleze ilivyokuwa enzi zake, halafu mniambie.

Rosta ilikuwa inabandikwa Jumapili jioni kwa kazi ya Jumatatu asubuhi. Una mtoto mchanga, mume yuko Nairobi, msichana wa kazi ameenda kwao, unapigiwa simu saa mbili usiku kwamba kesho uko zamu. Unafika kazini umeshakasirika kabla hujamwona mgonjwa hata mmoja. Stoo nayo ilifungwa saa kumi na moja jioni na ufunguo ukaenda naye nyumbani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliwahi kukatwa mshahara kwa vifaa vilivyopotea, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Usiku mmoja mtoto alizaliwa amelegea, hapumui. Ambu ya watoto, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, iko stoo, stoo imefungwa. Dakika ya kwanza kwa mtoto wa namna hiyo ndiyo kila kitu, tulifundishwa hivyo na ni kweli. Niliweka kipande cha gozi nikampulizia kwa mdomo wangu. Akalia. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, magoti yakinitetemeka. Asubuhi niliulizwa kwa nini rejista ya uzazi haikujazwa.

Baada ya siku kama hiyo, mama mwingine akikuita mara ya tatu unamjibu nini? Mimi nilijibu vibaya. Naungama.

Mwaka juzi akaletwa msimamizi mwingine, mama wa makamo, si msemaji. Wiki mbili za kwanza hakubadilisha chochote. Alikuja saa nane usiku mara mbili bila taarifa, tukadhani ni upelelezi. Alikaa, akauliza tunakosa nini saa hizo, akaandika. Kisha rosta ikaanza kubandikwa ya mwezi mzima. Ukitaka kubadilishana zamu na mwenzako, andikeni tu chini. Akatengeneza kitu tunachokiita sanduku la usiku: glavu jozi ishirini, kanula za kuwekea dripu, nyuzi za kushonea, ambu ya mtoto, tochi. Linahesabiwa kila asubuhi na anayetoka na anayeingia, wote wawili wanatia sahihi. Hakuna anayemshuku mwenzake kwa sababu hesabu iko pale.

Na la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Jambo likiharibika, swali lake la kwanza ni "nini kilitokea?" Zamani swali la kwanza lilikuwa "nani alikuwa zamu?"

Mshahara haujaongezwa hata shilingi. Mwezi uliopita uliingia tarehe 14.

Sasa nauliza. Tukipimwa kazi, anayepimwa ni mimi, au ni mahali nilipowekwa?

---

Kigoda_Mbele:

Nimekaa. Leteni chai.

---

Fundi_wa_Kondele:

Sista, umeandika vizuri lakini nitakukwaza kidogo.

2019 mke wangu alikuwa hospitali ya serikali, siyo yenu bila shaka. Uchungu ulianza saa nne usiku. Akamwita nesi. "Bado hujafika, lala." Akaita tena. "Nimekwambia bado." Saa kumi alfajiri mtoto alitoka palepale kitandani, akadakwa na mama wa kitanda cha pili ambaye naye alikuwa na tumbo lake. Nesi alikuja akamlaumu mke wangu eti kwa nini alisukuma.

Huyo hakuwa na shida ya rosta. Alikuwa na shida ya roho. Mimi gari likija gereji na spana sina, naazima kwa jirani. Sitamtukana mwenye gari. Mnaitwa sista na daktari, watu wanasimama kwa heshima mkipita, halafu mkikosa adabu tunaambiwa stoo ilifungwa?

Kijana yuko salama, yuko gredi ya kwanza. Lakini mke wangu mpaka leo hataki kusikia habari ya mtoto wa pili.

---

Zamu_ya_Usiku:

Fundi, pole kwako na kwa mama watoto. Sitamtetea huyo nesi. Alichofanya ni kibaya.

Ila nikuonyeshe hesabu ambayo hakuna mgonjwa huambiwa. Mama akishafika uchungu wa kasi tunatakiwa kumjazia patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa usikilize mapigo ya moyo wa mtoto, na kila nusu saa uweke mkono tumboni uhesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Dakika kumi nzima, saa ikiwa mkononi. Kila saa nne umpime njia ya uzazi imefunguka kiasi gani. Sasa zidisha. Akina mama watatu wakiwa kwenye uchungu, nusu saa yako yote imekwisha kwa kuhesabu tu. Hujaweka dripu, hujamshika mtoto aliyezaliwa, hujashona, hujaenda msalani. Usiku huwa tuko wawili, akina mama ni sita au saba, na mmoja wetu akimsindikiza mgonjwa kwa ambulensi anabaki mmoja.

Kwa hiyo mtu hufanya nini? Anachagua kwa macho. Huyu anapiga kelele lakini ni mimba ya kwanza, atangoja. Yule amenyamaza, naye ndiye ananitia wasiwasi. Wakati mwingine macho yanakosea, na siku hiyo inakuwa siku ya mke wako. "Bado hujafika" ni neno la mtu aliyekwisha kuchagua.

Halafu alfajiri anaketi kujaza patografu zote kutoka kichwani. Tunaita kupika. Wakaguzi wakija wanaziona zimejaa vizuri, nukta zote zimepangana kama shanga.

---

Tabibu_wa_Mkataba:

Niko Nakuru, nafanya kazi kaunti nyingine ambayo sitaitaja. Afisa wa kliniki. Sista nakuheshimu, lakini ukisema mshahara haukuongezwa na kazi ikawa nzuri, kuna mkubwa mahali anaisoma hii akitabasamu. "Mmeona? Si pesa!"

Ni pesa pia jameni. Tuwe wakweli. Madaktari walikaa nje kwa mgomo siku 100, kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi katikati ya Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa saini 2013. Wao kurudi tu, wauguzi nao wakatoka mwezi wa Juni na kurudi Novemba. Miezi mitano. 2024 madaktari tena, siku 56, na hapo jambo kubwa lilikuwa malipo ya wale wanaofanya mwaka wa mafunzo kazini. Watu hawaachi wagonjwa muda wote huo kwa sababu ya rosta.

Mimi mwenyewe. Mkataba wangu ni wa miaka mitatu, umeshaongezwa mara moja. Sako haitaki kunikopesha kwa sababu barua yangu haisemi kazi ya kudumu. Kwa hiyo nina lokamu, yaani kibarua cha pembeni, katika kliniki ya kibinafsi mjini. Nikitoka usiku hapa, asubuhi niko kule. Kule naona wagonjwa kumi na watano, ishirini. Nawasalimia kwa jina, nauliza habari za shule ya mtoto. Mwenye kliniki ananisifu kwa upole.

Kwa kaunti naona tisini. Saa nane za kazi ni dakika 480, gawanya mwenyewe, haifiki dakika sita kwa kila mtu, na hapo sijanywa chai. Unaingia, unasema "homa", nishaandika kipimo cha malaria kabla hujakaa. Mtoto wa tatu kutoka mwisho ndiye aliyekuwa na nimonia, na sikumfungua shati. Muuguzi wa chanjo ndiye aliyemwona mbavu zikiingia ndani akamrudisha kwangu.

Mtu ni mmoja, cheti ni kimoja. Kule ni mpole, huku ni mkali. Kwa hiyo kwa swali lako, nakubali kwamba mahali ni muhimu. Lakini mahali kunajengwa kwa pesa. Watu watatu kwenye kile chumba changu wangemaliza ukali wangu wote.

---

Msomi_Maseno:

Mada nzuri. Niko mwaka wa mwisho na mradi wangu unakaribia haya. Kwa kifupi utendaji wa mtu kazini hutokana na mambo matatu: uwezo, yaani elimu na ujuzi; ari; na nafasi, yaani vifaa, muda na mpangilio. Kimoja kikikosekana viwili vingine haviwezi kuziba.

Pia kuna Frederick Herzberg, mwanasaikolojia Mmarekani, ambaye 1959 alisema yanayomkera mtu kazini si kinyume cha yanayompa moyo. Mshahara, usimamizi na mazingira vikiwa vibaya mtu anakereka, vikiwa vizuri anaacha tu kukereka. Kinachompa moyo ni kufanikisha kazi, kutambuliwa, kukua na kupewa jukumu. Kwa hiyo Tabibu na Sista wote mko sahihi.

---

Tabibu_wa_Mkataba:

Msomi, huyo bwana aliwahoji akina nani?

---

Msomi_Maseno:

Wahandisi na wahasibu, Pittsburgh. Kama mia mbili hivi.

---

Tabibu_wa_Mkataba:

Wahasibu. Sawa. Na kati yao wangapi waliwahi kushona mama wakiwa wameuma tochi ya simu kwa meno kwa sababu stima imepotea?

---

Msomi_Maseno:

😅 Nitaiweka kwenye sura ya mapungufu ya utafiti.

---

Karani_wa_Rejista:

Wadau, mimi ni wa rekodi, Kakamega. Nimekuwa nikiwasoma kimya ila hapo kwa kupika patografu nimeguswa, maana mimi ndiye ninayezipokea hizo shanga.

Kila mwezi tunakusanya kutoka kwa rejista: ya uzazi, ya kliniki ya wajawazito, ya watoto wa chini ya miaka mitano, zote zinaingia kwa fomu za muhtasari kisha kwa mfumo wa kompyuta. Mtu akiniambia kituo fulani kinafanya kazi vizuri kwa sababu takwimu ni nzuri, nampa kiti akae. Nimeona zahanati yenye muuguzi mmoja, na rejista zake zimejaa kuliko hospitali. Anajaza saa ngapi? Anajaza wakati wagonjwa wako kwa benchi. Kwenye karatasi anang'ara, na kwenye benchi wanamlaani.

Wengine watasema basi tulipe kwa matokeo. Rwanda walifanya, walianza 2006, na utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23 katika vituo vilivyolipwa hivyo kuliko vile vilivyopata pesa zilezile bila masharti. Si kitu kidogo. Lakini mama kumaliza kliniki nne za ujauzito hakukusogea. Mimi naona sababu iko wazi. Kumshawishi mama aliye na uchungu asizalie nyumbani, mhudumu anaweza. Kliniki nne zinategemea mama aje mapema, na hapo kuna nauli ya boda, kuna mume, kuna shamba. Unamlipa mtu kwa kitu ambacho hakiko mikononi mwake.

Kuna kingine kilichofanywa Arusha, hapo tu jirani. Watafiti walikaa na matabibu wakitibu, wakaona tabibu akiwa na mgeni kando anauliza maswali mengi zaidi na kupima vizuri zaidi. Baada ya wagonjwa kadhaa anamzoea mgeni, anarudi kwa mwendo wake wa kawaida. Nilipoisoma nilikaa kimya dakika nzima. Maana yake ujuzi walikuwa nao siku zote! Na sisi hapa kila tatizo likitokea tunapeleka watu semina. Siku tatu hotelini Nakuru au Kisumu, marupurupu, cheti, picha ya pamoja, kisha mtu anarudi kwenye stoo ileile iliyofungwa.

---

Fundi_wa_Kondele:

Hapo kwa Arusha umenipa silaha karani. Kwa hiyo wanajua, ila wanafanya tu wakitazamwa. Si hivyo nilisema? Roho.

---

Karani_wa_Rejista:

Fundi, wewe mwenye gari akisimama kando unakaza nati vilevile kama asipokuwepo?

---

Fundi_wa_Kondele:

Wacha tuendelee na mada.

---

Mkoba_wa_Bluu:

Naomba nami nichangie ingawa mimi si msomi. Ni mhudumu wa afya ya jamii, Siaya. Wazee huku bado hutuita nyamrerwa.

Tulipewa mikoba na simu 2023, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si mshahara. Nina nyumba mia moja na kidogo za kuzungukia. Mvua ikinyesha njia ya mtoni haipitiki mpaka nizunguke kwa shule.

Mtaniuliza mbona naendelea. Nitawaambia kinachonivunja moyo kwanza, maana pesa kidogo nimeizoea. Nampata mtoto ana homa, napima malaria kwa kidole, vipimo vikiwapo. Nikiona ni mambo mazito naandika karatasi ya rufaa, namwambia mama nenda zahanati utahudumiwa haraka. Mama anafika, anakaa benchi tangu asubuhi, karatasi yangu haisomwi na mtu. Siku nyingine nikipita kwake ananiambia, "Wewe na karatasi zako." Nikisimama kanisani Jumapili najiona nimepungua.

Kuna tabibu mmoja aliyekuja pale zahanati kwa miezi minane hivi. Huyo alikuwa anachana kile kipande cha chini cha karatasi anaandika, "Nimemwona, ni nimonia, nimempa dawa, mfuatilie Alhamisi," anampa mama aniletee. Maandishi yake mabaya kabisa, lakini nilizihifadhi zote. Miezi ile sikukosa nyumba hata moja. Posho ilikuwa ileile elfu tano, na ilichelewa vilevile.

Alihamishwa. Karatasi zikaacha kurudi.

---

Kigoda_Mbele:

Mama mkoba, hapo kwa kanisani umenipata.

---

Fundi_wa_Kondele:

Sawa. Nimesoma yote mara mbili, nimekuwa na gari moja tu leo. Sista, nakuuliza swali moja na ujibu bila kuzungusha. Mko wangapi kwenye hiyo wodi, na wote mlibadilika?

---

Zamu_ya_Usiku:

Tuko kumi na wawili. Hapana, si wote.

Yupo mmoja ambaye enzi za ufunguo alikuwa vile, na enzi za sanduku yuko vilevile. Akina mama wakimwona wanaomba Mungu zamu iishe. Msimamizi amezungumza naye faraghani, akaandika, akamhamishia kliniki ya mchana, haikusaidia. Kwa hiyo uvivu na roho mbaya vipo fundi, sikatai.

Na yupo mwingine wa kinyume. Hata enzi zile mbaya kabisa alikuwa anakuja na glavu zake alizonunua kwa duka la dawa, anaimba wimbo wa kanisa akishona, akina mama wanampenda. Huyo tulimtumia vibaya sisi wenyewe. Mgonjwa akiwa mgumu, "mpeleke kwa fulani." Alipata shinikizo la damu akiwa na miaka thelathini na nane.

Sasa waliobaki kumi, mimi nikiwemo, ndio ninaouliza habari zao. Hatukuwa malaika wala mashetani. Mama wa kwenye matatu alituona wabaya, na miaka miwili baadaye akatuona watu wengine kabisa.

Tabibu, kuhusu pesa nakukubalia. Mwezi ule mshahara uliingia tarehe 14, kuanzia tarehe 5 watu walianza kuwa na simu mkononi muda wote. Si umbea. Ni mikopo ya simu inadai, ni mwenye nyumba, ni shule. Nesi wa fundi aliyesema "lala" huenda alikuwa hapo. Msimamizi wetu hawezi kutulipa. Alichofanya mwezi ule ni kutuita na kutuambia wazi: pesa hazijaingia, nimepiga simu makao makuu, wanasema wiki ijayo, mimi pia sijalipwa. Tulinung'unika, lakini tulinung'unika pamoja naye. Zamani tulikuwa tunasikia kwa redio.

---

Duka_la_Dawa:

Mmesahau jambo moja. Hilo sanduku la glavu linajazwa na nini? Huko nyuma pesa zilizokusanywa hospitalini sehemu nyingi zilikuwa zinaenda akaunti ya kaunti, na kurudi ni hadithi. Tangu ile sheria ya 2023 ya fedha za vituo vya afya, hospitali inaruhusiwa kubaki na makusanyo yake iyatumie. Lakini sasa wengi wanakuja kwa bima, na bima ikichelewa kulipa kituo, hakuna cha kubaki nacho. Msimamizi mzuri bila glavu ni mchungaji tu.

---

Zamu_ya_Usiku:

Ni kweli kabisa. Mwezi wa Mei sanduku lilikaa siku tisa na jozi nne. Zilipoisha tuliwaambia jamaa za wagonjwa wakanunue. Ila tofauti ilikuwa hii: jozi nne tulijua ni nne, na tulijua ni za nani, za mama anayetokwa na damu. Tulikubaliana hivyo mchana, sote tukiwa na akili timamu.

---

Tabibu_wa_Mkataba:

Huyo msimamizi wenu akihamishwa je? Maana huku kwetu mzuri hakai. Ndani ya miaka miwili utasikia ana barua.

---

Zamu_ya_Usiku:

Ulikuwa unasoma faili yangu?

Barua imekuja Jumatatu. Anaenda hospitali nyingine mwisho wa mwezi, imeandikwa "kwa manufaa ya huduma". Wa kuja hatumjui. Ndiyo maana nilianzisha huu uzi, sikutaka kusema mapema.

Jana nilimuuliza sanduku litakuwaje. Akaniambia, "Sahihi mbili kila asubuhi, hiyo haina barua." Sijui. Ufunguo wa stoo amekwisha kuukabidhi ofisini, na ofisi hufungwa saa kumi na moja.

Naenda zamu wadau, nitawasoma kesho. Rosta ya mwezi huu imebandikwa. Ya mwezi ujao ukuta uko mtupu.